Swichi Moja ya Kuzima Taa Zote za Duka: Nilikosea Mara Tatu Ndipo Nikaelewa

Somo la leo sio la kutafuta wateja wala kupanga bei. Ni la taa za duka. Najua kuna mtu ameshataka kupita zake. Subiri kwanza. Wewe unayeuza mtandaoni ndiye unayehusika zaidi, kwa sababu kwetu taa ni mtaji. Picha ikitoka giza, mteja anapita kama hajaona kitu. Ndio maana kila mwezi tunaongeza taa, na ndio maana umeme wa fremu zetu umejaa viraka.

Mimi nauza mikoba na viatu vya kike. Nina fremu Sinza, Dar es Salaam, nusu duka nusu stoo, na kona moja ya kupigia picha. Umeme sijasomea. Nimeishia kidato cha nne, na fizikia yenyewe niliiacha nilipoingia kidato cha tatu. Haya ninayoandika nimeyapata kwa kupata hasara, kuuliza, na kukaa pembeni ya fundi nikimwangalia. Kwa hiyo hapa hujifunzi kufunga umeme mwenyewe. Unajifunza kujua unachotaka, ili fundi akija asikufungie chochote tu halafu akaondoka na hela yako.

KOSA LA KWANZA: SWICHI TANO, KICHWA KIMOJA

Nilipokodi fremu ilikuwa na taa za dari tu. Nikaongeza utepe wa LED kwenye rafu. Nikaongeza taa za kona ya picha. Nikaongeza bango la nje. Kila taa ilikuja na swichi yake: moja mlangoni, moja nyuma ya kioo, moja chini ya meza, moja nyuma ya rafu, moja stoo. Tano.

Sasa fikiria saa tatu usiku. Bodaboda yupo nje anapiga honi anataka oda ya mwisho, simu inaita, wewe mwenyewe umechoka. Unazima nne, ya tano unaisahau. Ile ya nyuma ya rafu niliisahau mara nyingi sana.

Mwanzo niliona ni hasara ndogo. Tupige hesabu. Taa zangu zote jumla ni wati 300. Ukiziacha zote kuanzia saa tatu usiku mpaka saa tatu asubuhi ni saa 12. Wati 300 mara saa 12 ni 3,600, yaani uniti 3.6. Mimi LUKU yangu, pamoja na kodi na tozo, uniti moja inanitoka kama shilingi 356. Usiku mmoja ni kama shilingi 1,280. Ukisahau siku kumi kwa mwezi ni 12,800. Ni hela, ila sio ya kukufilisi.

Kilichonifumbua macho sio LUKU. Asubuhi moja nilifungua duka nikakutana na harufu ya plastiki iliyoungua. Ile adapta ya utepe wa LED ilikuwa imelala nyuma ya maboksi usiku kucha, haina hewa, imewaka bila kupumzika. Ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, na boksi lililoigusa limekuwa jeusi. Ndani yake kulikuwa na mikoba minne ya wateja walioshalipia. Nilirudisha hela za watu wanne, na mmoja hajanunua kwangu tena mpaka leo. Na hapo namshukuru Mungu haikuwa fremu nzima, maana ukuta wangu ndio ukuta wa jirani.

KOSA LA PILI: KUZIMA MENI SWICHI

Baada ya hapo nikawa mjanja. Kila usiku nikifunga, nashusha meni swichi. Duka zima kimya. Nikalala kwa amani.

Amani yenyewe ilidumu wiki chache. Siku moja nakuta kufuli la geti limekwaruzwa, mtu amejaribu kulifungua. Nikakimbilia kamera nione ni nani. Kamera haina kitu. Itakuwaje na kitu wakati mimi mwenyewe ndiye ninayeizima kila saa tatu usiku? Na taa ya ulinzi ya nje nayo nilikuwa naizima. Nilikuwa namsaidia mwizi kazi.

Funzo: kuzima taa na kuzima duka ni vitu viwili tofauti. Unachohitaji ni swichi kuu ya TAA, inayozima taa zote za ndani kwa mkono mmoja, huku kamera, ruta na taa ya ulinzi vikiendelea na kazi zao.

KOSA LA TATU: TAA IMEZIMIKA, MOTO BADO UPO

Nikamuita fundi wa kwanza niliyeelekezwa. Nikamwambia, "Nataka swichi moja mlangoni, nikibonyeza taa zote zizime." Akapanda darini, nusu saa amemaliza. Nikabonyeza, zote zikazimika. Nikamlipa, nikafurahi.

Usiku ule nikaona kitu cha ajabu. Swichi nimezima, ila baadhi ya taa za LED zinafifia kwa mbali kama kimulimuli. Nikasema labda ndio zilivyo. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka.

Wiki mbili baadaye taa moja ya dari ikaungua. Mdogo wangu akazima swichi kubwa, akapanda kwenye stuli kuibadilisha. Kidole kikagusa sehemu ya ndani ya kishikio cha taa. Nilisikia tu kishindo. Alipigwa shoti akaanguka, mkono ukateguka. Angeangukia kichwa sijui leo ningekuwa naandika nini.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa makamo, mtu wa mtaani kwetu, ana leseni. Nilimwamkia, nikamweleza. Hakupanda hata ngazi kwanza. Aliniuliza, "Mwanangu, taa zilikuwa zinafifia usiku baada ya kuzima?" Nikasema ndiyo. Akazima swichi kubwa, akapima kwenye kile kishikio cha taa. Moto upo. Akaniambia maneno ambayo nataka na wewe uyashike:

"Huyu hakukata umeme usiende kwenye taa. Amekata umeme usirudi."

JINSI UMEME WA TAA UNAVYOTEMBEA

Hapa nisikilize vizuri, hata kama fizikia uliikimbia kama mimi.

Kwenye taa kuna nyaya tatu za kujua. Laivu (sio ile laivu ya Instagram) ndio inayoleta umeme. Nyutro ndio njia ya kurudi. Ethi ni ya usalama, inapeleka ardhini umeme uliopotea njia. Kwenye majengo mengi ya zamani laivu ni nyekundu na nyutro nyeusi. Nyaya za siku hizi laivu ni kahawia na nyutro ni bluu. Ethi ni kijani chenye mstari wa njano. Ila usiamini rangi peke yake, maana aliyefunga kabla yako huenda alitumia waya aliokuwa nao mkononi. Fundi mzuri anapima.

Ukikata laivu, umeme haufiki kwenye taa kabisa. Ukikata nyutro peke yake, taa inazimika kwa sababu njia ya kurudi haipo, lakini moto umeshafika kwenye taa na umesimama pale unasubiri. Ukigusa, wewe ndio unakuwa njia ya kurudi. Ndicho kilichompata mdogo wangu.

Kwa nini fundi wa kwanza alifanya hivyo? Kwa uvivu. Taa zangu zilikuwa zinatoka kwenye breka mbili tofauti. Dari na bango zilikuwa kwenye breka ya taa. Rafu na kona ya picha zilichukuliwa kwenye njia ya soketi. Laivu zilikuwa zimetawanyika, ila nyutro zote zilikutana kwenye kiboksi kimoja darini. Akaona akate hapo hapo, kazi iishe.

Na kama angeunganisha zile laivu za breka mbili kwenye swichi moja ya kawaida, lingekuwa kosa lingine. Ukizima breka moja, umeme unazunguka kupitia ile nyingine, unafikiri umezima kumbe bado. Laivu za breka mbili hazikutani kamwe. Andika hilo.

SASA TUFANYE KWA USAHIHI

Hatua ya 1: Gawa vitu vyako makundi mawili.

Chukua karatasi. Kundi la kwanza ni vya kuzima ukifunga: taa za dari, rafu, kona ya picha, bango kama hulihitaji usiku. Kundi la pili ni vya kubaki: kamera, ruta, taa ya ulinzi ya nje, friji kama unauza vinywaji au vipodozi vinavyohitaji baridi. Fundi hawezi kukugawia hili, duka unalijua wewe. Mimi karatasi hii nilimpa mzee kabla hajagusa waya.

Hatua ya 2: Jumlisha mzigo wa taa.

Kila taa imeandikwa wati zake. Mimi nilipata: dari taa 4 za wati 18 ni 72, utepe wa rafu 60, kona ya picha taa 3 za wati 36 ni 108, bango 60. Jumla 300. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo 300 gawanya kwa 230 unapata kama ampia 1.3. Ndogo sana. Breka moja ya ampia 10 yenye waya wa milimita za mraba 1.5 inazibeba zote na nafasi inabaki.

Angalizo: pasi ya mvuke ya kunyooshea nguo usiiweke kwenye njia ya taa hata siku moja. Ya wati 1,500 peke yake inavuta zaidi ya ampia 6. Hiyo ni ya soketi.

Hatua ya 3: Chagua njia inayofaa duka lako.

Njia A ni kwa fremu ndogo kama yangu. Taa zote za kuzima zinahamishiwa kwenye breka MOJA. Baada ya breka, kabla ya taa yoyote, inakaa swichi ya ampia 20 inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Ni ile swichi yenye kitaa chekundu ambayo watu wanaiweka kwa ajili ya hita ya maji. Zile swichi ndogo za kila kona zinabaki, ila sasa zote ziko chini ya mkubwa wao.

Njia B ni kama una breka za taa mbili au tatu na hutaki kuziunganisha. Ndani ya sanduku la breka, zile breka za taa zinakaa upande wao na zinalishwa kupitia aisoleta yao. Soketi na kamera zinakaa upande mwingine, hazipiti hapo. Nyutro za taa nazo zinakaa kwenye kipande chao, hazichanganywi na za soketi. Ubaya wake: kama sanduku lako liko stoo, utazima halafu utembee gizani mpaka mlangoni.

Njia C ni kwa duka kubwa lenye njia nyingi za taa. Inatumika kontakta. Hii ni swichi kubwa inayokaa kwenye sanduku na kuvutwa na sumaku ya umeme iliyo ndani yake. Mlangoni unaweka swichi ndogo inayoiamuru tu. Kila laivu ya breka inapita kwenye mdomo wake ndani ya kontakta, hazikutani, lakini zote zinakatika kwa mpigo mmoja. Kama jengo lina umeme wa fezi tatu na taa zimegawanywa humo, usikubali kabisa fundi alete fezi mbili kwenye swichi ya kawaida. Kati ya fezi na fezi ni volti 400.

Kwa njia yoyote, usichukue swichi hafifu kwa sababu hesabu yako imetoa ampia 1.3. Taa za LED zinapowashwa zote kwa pamoja zinavuta umeme mkubwa kwa muda mfupi mno, pungufu ya kufumba jicho. Swichi dhaifu inachomeka ndani kidogo kidogo, mwisho inashikana na haizimi tena.

Hatua ya 4: Jua fundi atakavyounganisha.

Mzee alinifanyia Njia A hivi. Alizima meni swichi, akapima kuhakikisha hakuna moto. Aliondoa taa za rafu na za picha kutoka kwenye njia ya soketi, akazivutia waya mpya kutoka njia ya taa. Kutoka kwenye breka, laivu na nyutro zikaingia kwenye swichi kubwa sehemu ya KUINGIA. Sehemu ya KUTOKA, laivu na nyutro zikaenda kwenye kiboksi cha kugawa, na kutoka hapo kila kundi la taa likapata njia yake kupitia swichi yake ndogo, ambayo inakata laivu. Ethi haikukatwa popote. Inapita moja kwa moja mpaka kwenye kila taa yenye chuma na kwenye boksi la swichi. Mtu akikuambia anaweka swichi kwenye ethi, mrudishe kwao.

Adapta ya utepe aliitoa nyuma ya maboksi, akaifunga ukutani juu, mahali penye hewa.

Swichi kubwa tuliiweka ndani, pembeni ya mlango, mkono unafika ukiwa umesimama kizingitini. Usiiweke nje, kila mpita njia ataichezea ukiwa katikati ya kuonyesha mzigo kwa wateja mubashara. Nikabandika karatasi: TAA ZOTE. Kile kitaa chekundu nacho kinanisaidia. Nikiwa nafunga geti, kikiwaka najua sijazima.

Hatua ya 5: Jaribu kabla hujalipa hela ya mwisho.

1. Washa kila kitu. Kisha zima swichi kubwa. Taa zote za kundi la kwanza zizime, kamera na ruta vibaki hai.

2. Swichi kubwa ikiwa imezimwa na swichi ndogo zote zimewashwa, fundi apime kwenye kishikio cha taa mbele yako. Pasiwe na moto. Kwangu hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote.

3. Washa swichi kubwa, halafu zima breka ya taa peke yake. Kama kuna taa yoyote ya kundi hilo inaendelea kuwaka, njia zimechanganywa. Afungue upya.

4. Usiku, baada ya kuzima, kaa gizani dakika mbili. Taa zikififia kama kimulimuli, muulize fundi alikata waya gani. Wakati mwingine inatokea hata kazi ikiwa safi, ila usikisie, apime.

5. Washa taa zote saa moja, kisha weka mgongo wa mkono kwenye kifuniko cha swichi. Ikiwa ya moto au inanuka, kuna waya umelegea. Zima breka, muite.

MASWALI YA KUMUULIZA FUNDI KABLA HAJAANZA

"Una leseni ya EWURA? Naomba niione." Hapa Tanzania mtu anayefunga umeme anatakiwa kuwa nayo. Fundi halali haoni aibu kukuonyesha.

"Swichi itakata laivu peke yake au laivu na nyutro?" Jibu zuri ni laivu, au zote mbili kwa pamoja. Akisema nyutro, au akisema "haina tofauti", mshukuru, mpe nauli, aende.

"Taa zangu zinatoka breka ngapi?" Kama hajaangalia, hajui anachokwenda kufanya.

"Utanichorea?" Mzee alinichorea kwenye kipande cha boksi la viatu. Nimekibandika ndani ya mlango wa sanduku la breka. Fundi yeyote akija kesho haanzi kubahatisha.

Na kama fremu ni ya kupanga, mwambie mwenye nyumba kwanza, mkubaliane kwa maandishi. Kama mnachangia LUKU na jirani, hakikisha waya unaogusa ni wako.

LA MWISHO

Hiyo swichi kubwa ni ya kufungia duka. Sio ya kutengenezea taa. Siku ya kubadilisha taa au kugusa waya, zima breka, pima, ndipo upande. Hata kama swichi kubwa imezimwa. Hata kama taa haiwaki. Mdogo wangu mkono umepona na bado ananisaidia dukani, ila mpaka leo hagusi taa kabla ya kwenda kwenye sanduku mwenyewe. Simcheki.

Sasa hivi nikifunga duka ni mkono mmoja: tap. Kitaa chekundu kimezima, kamera inafanya kazi yake, bodaboda ameondoka na oda, na mimi sirudi nusu ya njia kujiuliza kama nimezima ile ya nyuma ya rafu.

Kazi yako ya leo usiku: kabla hujafunga, hesabu una swichi ngapi za taa, na ujue kila moja inatoka breka ipi. Ukikwama niandikie hapo chini, ninachokijua nitakujibu, nisichokijua nitamuuliza mzee.

Tukutane somo lijalo. Biashara njema.